Mahindi ya Soy ni Kazi Yangu

Leonida Odera ni mhadhiri katika chuo kikuu kimoja mjini Eldoret. Kila msimu wa mavuno huenda Soy, eneo la wakulima karibu na mji huo. Huko huwafundisha wakulima kukausha mahindi yasiingiwe na kuvu yenye sumu. Anayogundua huyaandika katika majarida ya utafiti.

Jioni moja alifika nyumbani akiwa amekasirika. Mumewe, Joash, alikuwa anasonga ugali.

"Mama Marion, kuna nini?"

"Wameninyima kuongoza mradi wa mahindi! Kamati ya utafiti ya chuo imetafuta jina langu kwa kompyuta. Eti nimeandika makala mbili tu."

"Mbili? Na zile za kabla hatujaoana?"

"Hizo ziko kwa jina la Leonida Aluoch. Hawajui ni mimi. Na makala yangu kubwa ya Soy imewekwa kwa L. Odera mwingine, mtafiti wa samaki! Joash, ni mimi nilikanyaga matope ya Soy. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza!"

Joash akazima gesi. "Huko ni kuonewa. Usinyamaze."

Kesho yake Leonida alienda maktaba ya chuo. Hellen Chepkirui, mkuu wa maktaba, alimsikiliza, naye akakasirika.

"Daktari, wewe si wa kwanza. Jina peke yake halitoshi. Kina Odera ni wengi. Mtu huolewa akabadilisha jina, na majarida hufupisha majina. Una namba ya ORCID?"

"Sina. Nilidhani ni ya watafiti wa ng'ambo."

"Ni ya mtafiti yeyote. Ni kama namba ya kitambulisho, lakini ya mwandishi. Hakuna mwingine atakayepewa yako. Ukihama chuo au ukibadilisha jina, inabaki ile ile. Na hulipi kitu."

"Mbona hamkutuambia?"

"Tulibandika tangazo mlangoni. Kubandika si kufundisha. Hapo tuliwakosea."

Walijiandikisha papo hapo. Leonida aliweka majina yake yote mawili, kisha makala zake zote, za zamani na mpya. Hellen akamsaidia kuwaandikia wenye tovuti ya makala warekebishe jina kwenye ile ya Soy.

"Ukituma makala mpya," Hellen alisema, "usisahau kuweka namba yako."

Leonida akarudi kwa kamati.

"Mlipima kazi yangu bila kuniuliza," alimwambia mwenyekiti, Bethwel. "Fungueni namba hii."

Bethwel aliifungua kwenye kompyuta, akasoma orodha yote ya makala. Akavua miwani. "Daktari, tumekukosea."

"Basi msimkosee mwingine. Mwombaji aulizwe namba yake kabla hajahukumiwa."

Kamati ilikubali. Leonida akapewa mradi.

Siku ya kwanza ya mradi, aliwaambia wanafunzi wake wajiandikishe kabla ya kwenda shambani. Jerop akainua mkono.

"Lakini Daktari, mimi bado sijaandika makala yoyote."

"Ndiyo maana unaanza leo," Leonida akamjibu. "Ukiandika hata mstari mmoja, nataka dunia ijue ni wa Jerop."