Mke wa Kwenye Faili

Klik. Kifungo cha mkanda wa suruali, kikifungwa taratibu na mtu asiyetaka kusikika. Kulikuwa hakujapambazuka. Msusi alikuwa macho, amegeukia ukutani, anahesabu: Alhamisi ya tatu hii.

"Unaenda wapi saa hizi, mpenzi?"

"Kazini, roho yangu. Wewe lala."

Kazini! Mpiga rangi wa magari gani huyu anayekwenda gereji na shati lililopigwa pasi, marashi mpaka nyuma ya masikio? Kikohozi kilimshika mlangoni, akakimeza, akatoka.

Walijuana mwaka juzi kwenye foleni ya vitambulisho. Jua kali, watu wanasukumana, na mwanamume mwenye kucha za kijani akampisha Msusi na bintiye mdogo wasimame mbele yake. Tangu hapo wanaishi wote chumba kimoja. Lakini kila akigusia ndoa, jibu ni lilelile: "Bado kidogo, mama." Na sasa kuna simu. Jana jioni alimsikia uani akizungumza kwa lugha ya kwao, lugha ambayo Msusi hajui hata salamu yake, sauti laini kama anayebembeleza mtoto. Alipokwenda kuoga, Msusi akachungulia jina. "Dada Alhamisi."

Basi leo saluni haikufunguliwa. Alimkokota bintiye wa miaka sita, maana wivu haungoji mtu wa kumwachia mtoto, wakamfuata mpiga rangi hadi ng'ambo ya mji, kwenye mitaa ambayo hata majani yanamwagiliwa. Akaingia hospitali yenye milango ya vioo. Nao wakaingia.

Ukumbi ulijaa watu. Mpiga rangi alikuwa benchi la mwisho, na pembeni yake nesi mrembo mwenye mwanya, mkono begani kwake, wanasemezana kilugha chao na kucheka.

"Endeleeni tu," Msusi alisema. "Nisiwakatishe."

Mpiga rangi aliruka kama aliyemwagiwa maji. "Roho yangu! Umefikaje hapa?"

"Kwa miguu. Wewe umefikaje, kwa marashi?"

Nesi akamtazama, akatabasamu. "Kumbe wewe ndiye wa kwenye faili!"

"Usinichekee, dada. Nimevaa kandambili, lakini mdomo sikuuacha nyumbani."

Nesi aligeuza faili tu, akaweka kidole. Kwenye nafasi ya mtu wa karibu palikuwa na jina la Msusi, namba yake ya simu, na neno moja: mke.

Alilisoma mara mbili. "Wewe hujanioa."

"Najua." Mpiga rangi alikohoa kwenye leso. Ilitoka na doa la buluu, rangi ya gari la jana. "Baba alipiga rangi gereji ileile, akafa na miaka arobaini na saba. Baba mdogo, arobaini na tisa. Bosi ana sabini na nane, anaogelea kila asubuhi mtaa huuhuu. Nilitaka kwanza nijue mimi nimebakiwa na mingapi, ndipo nikuombe."

"Si ungeniambia!"

"Mwanamume nianze kulia kifua? Nyie angalau mkiwa na mimba mnapimwa. Sisi tunaingia hospitali tumebebwa."

"Na zahanati ya kwetu?"

"Mara tatu. Daktari akisikia lafudhi yangu tu: 'Ah, watu wa kwenu na tumbaku!' Mimi, ambaye sijavuta hata moja. Ananipa dawa ya maji, kisha: 'Mwingine!' Huyu dada ndiye wa kwanza kuniuliza ninafanya kazi gani."

Nesi alishusha sauti. "Picha ya kifua imetoka. Mapafu yana makovu, ila bado yanafaa. Akiiacha ile rangi leo, si kesho, ana miaka mingi mbele. Akirudi kule, siahidi kitu."

Wivu wa Msusi haukuisha; ulihama tu. Sasa alimwonea wivu yule mzee anayeogelea, kwa ile miaka yake yote, kana kwamba ameichota kwenye ndoo ya mwenziwe.

"Gereji hurudi," alisema. "Utaosha vichwa saluni mpaka upate kazi nyingine."

"Mimi? Niwaoshe wanawake?"

"Tena nikikutazama. Na hiyo lugha yenu utanifundisha, sitaki watu wacheke nami nimekodoa macho."

"Nikikubali yote hayo, utanikubali?"

"Nikubali nini? Nimeulizwa kitu mimi?"

Nesi akajifanya anasoma faili. Mpiga rangi akamshika Msusi mkono, vidole vya buluu juu ya vidole vyenye mafuta ya nywele.

"Nikuoe?"

"Nioe," alisema, akijifuta machozi kwa hasira. "Lakini usinifie, wewe."

Binti alikuwa ameegemea goti la mpiga rangi, anamtazama usoni.

"Mimi nataka uje uwe babu," alisema.