Macho ya Ndama

"Muuuuu!"

Patrice alilia kama ng'ombe, darasa lote likapasuka kwa kicheko. Mi nilikuwa nimesimama mbele, pembeni ya kitambaa cheupe ambapo klipu yetu ilionyeshwa. Sauti yangu mwenyewe iliendelea kuimba: "Mupenzi, macho yako ni ya ndama..."

"Kumbe anapenda ng'ombe!"

"Atamuoa, amupeleke malishoni!"

Chekeni tu. Kwetu Bibokoboko, milimani kwa wafugaji, mwanamuke akiambiwa ana macho ya ndama, amesifiwa mpaka basi. Ndama iko na macho makubwa, meusi, na inakuangalia bila hila. Nilisahau kwamba niko Baraka, muji wa kando ya ziwa, kwa watu wa samaki. Mujinga mimi!

Lakini mule ndani mutu mumoja alijua maana. Munira. Chuoni tulipewa kazi ya kutengeneza klipu ya wimbo, kila kundi watu wawili. Mi niliimba, yeye akashika kamera na kuunganisha picha. Siku nilipomuelezea ule mustari, alilia. "Ntwari, usiutoshe ndani ya wimbo," aliniambia. "Ni wangu." Na ule mukono unaochota maji ya ziwa ndani ya klipu, bila sura kuonekana, ni wake; siku hiyo mi ndiye nilishika kamera.

Jana yake aliniandikia: "Kesho Yaya Yunusu anakuja kuangalia. Prof akiuliza musichana ni nani, nitasema ni mimi, na ni wewe ninakupenda. Nimechoka kujificha."

Yaya Yunusu, kaka yake mwenye maboti, asiyependa watu wetu wa milimani, alikuwa amekaa mustari wa kwanza, kofia kichwani. Yeye hakucheka.

Prof Bonaventure akagonga meza.

"Nyamazeni! Munira, wewe ndiye uliongoza hii klipu. Hapa tunapima kila kitu mulichochagua. Ule mustari wa ndama, uliuacha ndani ya wimbo juu ya sababu gani?"

Munira akasimama. Akaniangalia kidogo, akamuangalia kaka yake. Moyoni nikasema: sema, mama, sema sasa.

"Prof... mi sikujuaka maana yake."

"Haukuuliza?"

"Hapana. Ni mambo yao ya kule milimani. Mi nilifanya tu kazi ya picha."

Mambo yao! Munira wangu alisema yao!

"Na huyu musichana wa mukono ni nani?"

"Hiyo picha ya musichana aliileta yeye," akanionyesha kwa kidole. " Mi simujue."

Prof akanigeukia.

"Ntwari, mwenzako hamujue huyu musichana, na sura haionekani hata mara moja. Nitajuaje kama haukuiba picha za watu? Utuonyeshe zile picha ambazo hamukutumia. Kama hauna, haupati pointi hata moja."

Nilikuwa nazo. Zilikuwa ndani ya flash, mufukoni mwangu. Munira bila kitambaa kichwani, anacheka, ananiambia: "Imba tena, ndama wako anasikia." Ningeichomeka tu kwenye kompyuta, Yunusu angeona yote.

Nikamuangalia Munira. Alikuwa anavuta kitambaa cha kichwa kufunika uso. Hasira ikaniishia, nikabaki na huruma ya kijinga.

"Sina, Prof. Nilizifuta."

"Basi wewe ni zero, na bila hizi pointi unarudia mwaka. Munira atapata pointi zake za picha."

Yunusu akamupigia dada yake makofi. Mi nikatoka nje bila kuaga mutu, nikashika barabara ya Mboko, sijui naenda wapi. Simu ikalia.

"Ntwari, asante."

"Asante ya nini?"

"Kunificha. Niliogopa. Yaya alikuwa ananiangalia."

"Mi pia nilikuwa nakuangalia, Munira."

Akaanza kulia. "Unisamehe. Haki ya Mungu, nakupenda. Nipe muda, nitamuambia."

"Yaya wako iko wapi sasa?"

"Iko hapa, anawasha pikipiki."

"Basi umuambie sasa hivi. Taja tu jina langu. Akitaka kunitukana, atanitukana. Akitaka kunipiga, nakuja anipige. Nimepoteza mwaka wa masomo juu yako, Munira. Mi naomba tu jina langu litoke kinywani mwako."

Nilisikia pumzi yake, nikasikia pikipiki ikinguruma, kisha sauti ya mwanaume:

"Munira! Uko unaongea na nani?"

Nikabana simu kwenye sikio. Niliomba Mungu kama mutoto mudogo: Bwana, umupe nguvu, jina moja tu.

"Hakuna mutu, Yaya," akasema. "Wamekosea namba."

Akakata.

Nikakaa chini, pale pale kando ya barabara, mwanaume muzima, nikalia kwa sauti. Bamama waliotoka shambani na mihogo wakasimama, wakaniuliza ni nani amekufa.