Kopo Kwenye Ukuta wa Joto

Tik.

Mama Kidoti akasimama wima. Umeme ulikuwa umekatika muda huohuo, saa moja jioni, na chumba kizima kilikuwa giza. Alikuwa na binti yake tu, Kidoti, wa miaka sita. Mtoto alikuwa amejilaza kwenye mkeka tangu saa kumi. Kichwa kilimuuma.

Tik.

"Umesikia, Mama? Linapumua tena."

"Nini kinapumua, mwanangu?"

"Kopo la Baba."

"Kopo halina mapafu. Lala."

Alisema hivyo, lakini nywele zilimsimama. Hii ilikuwa jioni ya tatu. Sauti ilianza kila siku pale mwoka mikate, jirani wa upande wa pili wa ukuta, alipowasha tanuri lake. Ilikuwa kama ukucha unagonga bati. Tena kulikuwa na harufu tamutamu. Ukisimama, huisikii sana. Ukiinama kwenye mkeka, inakukaba koo.

Baba Kidoti ni fundi viatu. Gundi yake hukaa kwenye kopo kubwa, na zamani kopo hilo lilikaa kwenye kibanda cha nje. Lakini siku za baridi gundi huwa nzito, brashi inakwama. Juzi alimwita mkewe.

"Mwalimu, hebu nisomee hapa." Alimwita hivyo kwa utani tangu aanze darasa la jioni la Kiingereza.

Kopo lilikuwa limechafuka kwa gundi iliyomwagika na kukauka. Neno moja tu la Kiingereza lilionekana. Mama Kidoti alilisoma polepole, kidole kikifuata herufi: "Inflammable."

Moyo wake ulijaa furaha. Neno "flammable" alilijua. Liliandikwa kwenye lori la mafuta, maana yake kinachoshika moto. Na darasani walijifunza kwamba "complete" ni kilichokamilika, "incomplete" ni kisichokamilika.

"Basi hii haishiki moto," alisema.

"Una hakika?"

"Bisha kama umesoma."

"Nibishane na msomi? Mimi nani!"

Fundi akacheka, akaliingiza kopo ndani. Akaliegemeza kwenye ukuta wa tanuri, maana ukuta ule huwa na joto. Gundi ikalainika vizuri.

Sasa, gizani, Mama Kidoti alipapasa rafu. Akapata mshumaa. Akapata kiberiti. Akatoa njiti.

Tik. Halafu kitu kikateleza na kuanguka sakafuni. Ulikuwa mfuniko. Ikafuata pumzi ndefu, nyembamba: fuuu.

"Hodi!" Mwanga wa tochi ukaingia mlangoni. Alikuwa Bi Rangi, jirani anayepaka rangi magari gereji. Huyu mama haishiwi maneno. Leo alinusa mara moja, akamulika mkono wa Mama Kidoti.

"Shoga, umeshika nini?"

"Kiberiti."

"Usiwashe. Kiweke chini taratibu. Mtoto yuko wapi?"

"Hapo chini."

"Mbebe, utoke."

Mama Kidoti alitoka na binti yake kifuani. Mtoto alikuwa mlegevu kama nguo iliyoloa. Bi Rangi alizima swichi kuu ya nje, umeme usije ukarudi na cheche. Akafungua madirisha, akalibana kopo kwa mfuniko wake na kulipeleka mbali uani. Kidoti alikohoa, akavuta hewa, akaomba maji. Hapo ndipo mama yake alipolia.

Fundi alirudi mbio kutoka kwa mteja. Bi Rangi akalibandua kopo gundi kavu kwa kucha, akimulika kwa tochi. Chini yake ukatokea moto mdogo mwekundu, umechorwa. Muda wote ulikuwa hapo.

"Lakini nilisoma!" alisema Mama Kidoti. "Imeandikwa haishiki moto."

"Hapana, mdogo wangu. 'Flammable' na 'inflammable' maana yake ni moja. Ni kitu kinachoshika moto upesi. Kisichoshika moto huandikwa 'non-flammable'. Hata mimi gereji nilidanganyika hivyohivyo, nikapoteza nyusi zote mbili. Mwezi mzima nilionekana kama yai."

"Na kwa nini mtoto alikuwa anaumwa kichwa?" fundi aliuliza.

"Gundi ikipata joto hutoa mvuke, ndio uliokuwa ukisukuma mfuniko: tik, tik. Huuoni. Ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi kwa aliyelala. Ukikutana na njiti moja tu..."

Fundi alitazama ukuta. "Kopo nililiweka mimi."

"Na mimi nilisoma," mkewe akasema. "Tutauliza kwanza, siku nyingine."

Siku hizi kopo linakaa kwenye kibanda chenye matundu ya hewa, mfuniko umebanwa, mchoro wa moto umesafishwa. Fundi hupaka gundi mchana barazani, jua likiwa limepanda. Mama Kidoti ameandika maneno yale matatu kwenye daftari lake, na mwalimu wake akamwomba ayasome mbele ya darasa zima. Kichwa cha mtoto hakiumi tena.

Jana umeme ulikatika. Mama Kidoti alishika kiberiti, mkono ukasita. Akasikiliza. Upande wa pili tanuri lilikuwa linawaka. Ukutani hakukuwa na sauti yoyote.

"Kopo liko nje, Mama, unaweza kuwasha," alisema Kidoti.