Bomba Lililopulizwa kwa Mdomo

Kiyoyozi kilikuwa na siku mbili tu ukutani, na tayari kilikuwa kinanuka mdomo wa mtu.

Haikuwa harufu ya plastiki mpya wala ya vumbi la saruji, ambayo ingesameheka. Ilikuwa harufu ya karafuu iliyotafunwa juu ya jino bovu. Ilishuka kutoka kwenye mashine hadi kwenye kochi alilolazwa Bibi, na mkwe wake, aliyekuwa akimnywesha dawa ya kifua, akasimamisha kijiko hewani.

"Unaisikia harufu hiyo, mama?"

"Naisikia," alisema Bibi. "Ni ya yule fundi wenu. Kauacha mdomo wake humu ndani."

Mwenye nyumba, mwana wa Bibi, alikuwa amekaa karibu na dirisha, amejizungushia skafu shingoni ili wapita njia waone kwamba kwake kuna baridi. Mtaani walimwita Mheshimiwa. Hakuwa na cheo chochote. Alivaa tai hata akienda kununua mkate, basi.

"Hiyo ni harufu ya kitu kipya," alisema. "Nyinyi hamjazoea vitu vipya."

Kiyoyozi kilinunuliwa kwa sababu ya pumu ya Bibi. Hivyo ndivyo Mheshimiwa alivyowaambia watu, na kwa kweli mama yake alikuwa anateseka. Joto likizidi alipumua kama mtu aliyebebeshwa gunia. Lakini pumu ile ilikuwa na miaka kumi na miwili, na Mheshimiwa hakuwahi kuiona mpaka jirani wa mkono wa kulia alipofunga kiyoyozi chake.

Mafundi wawili waliitwa kuiangalia kazi. Wa kwanza alikuwa Mama Friji, mwanamke wa makamo aliyetengeneza majokofu ya mtaa mzima. Aliizunguka nyumba mara mbili, akagonga kuta kwa kidole, kisha akasema, "Kaka, mashine ya nje iwekwe ukuta wa mbele, juu, penye upepo. Hii hulitoa joto la chumbani na kulitema nje. Ukiibana kwenye kichochoro, italitema joto na kulivuta tena lile lile."

Mheshimiwa alimtazama kuanzia kandambili hadi kilemba. "Na ngazi atapanda nani?"

"Mimi."

Alicheka mpaka tai ikahama upande. Mama Friji akachukua sanduku lake la vifaa na kuondoka bila kuaga, na ndivyo ilivyompasa.

Wa pili alikuwa Fundi Najua. Jina hilo alipewa na watu kwa kuwa neno lenyewe halikumbanduka mdomoni. Ukimwambia huo ni waya wa umeme, "Najua." Ukimwambia mvua inakuja, "Najua." Nyumba yake ingeungua, angejibu kwanza ndipo akimbie. Karafuu alizitafuna kwa ajili ya jino ambalo hakutaka kumwonyesha daktari, maana na ugonjwa wake aliujua.

Yeye alichagua kona ya nyuma, kwa sababu haikuhitaji ngazi. Palikuwa na kichochoro chembamba kati ya nyumba na ukuta wa uzio, mahali ambapo jua halikufika na sakafu ilikuwa na ubaridi hata saa saba mchana. Kwa miaka arobaini Bibi hakuwahi kuingia pale bila kusema hodi. Hakuna aliyemjibu, naye aliridhika hivyo. "Siku nikijibiwa," alizoea kusema, "nahama."

Siku ya kufunga mashine Bibi alisimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika fremu. "Mwanangu, kabla hujatoboa, piga hodi."

"Nimpigie nani hodi, bibi? Panya?"

"Piga tu. Haikupunguzii kitu."

"Najua," alisema Fundi Najua, na hakupiga.

Alitoboa ukuta, akafunga vyuma viwili, akaipachika mashine juu yake. Boliti zilikuwa nne. Aliyoikaza vizuri ni moja. Kisha akaja kwenye mabomba ya shaba yanayounganisha mashine ya nje na ile ya ndani. Hapa fundi yeyote mwenye akili hutumia pampu. Huifunga kwenye bomba, akaiacha inyonye hewa yote kwa nusu saa au zaidi, na sindano ya geji ya kupimia mgandamizo ikishuka na kutulia chini, ndipo anafungua gesi. Bomba lazima liwe tupu kabisa, maana chochote kitakachofungiwa humo kitazunguka nyumbani kwako kila siku.

Fundi Najua hakuwa na pampu. Alikuwa na mdomo.

Alipuliza bomba ili vumbi litoke. Kisha, kwa kuwa Bibi alikuwa bado anamtazama, na kwa kuwa hakuna kinachomfurahisha mjinga kama kumcheka mzee, aliuweka mdomo tena kwenye bomba na kusema kwa sauti, "Wewe unayekaa humu, karibu ndani! Kuna baridi ya bure!"

Mheshimiwa alicheka akishika tumbo. Fundi akakaza nati, akafungua gesi. Ni Bibi peke yake aliyeuona utando wa buibui wa kwenye kona ukinyooka kuelekea bombani, ukakaa hivyo kidogo, kisha ukalegea.

Siku ya tatu, mchana, Bibi alijikongoja hadi kichochoroni kuanika kitambaa chake cha kichwa. Ubaridi wa miaka arobaini haukuwepo. Mashine ilikuwa inatema hewa ya moto ukutani, na ukuta ukaurudisha moto ule usoni mwake. Aliegemea mlango akasema, kwa mazoea, "Hodi."

"Karibu," akajibiwa.

Jibu halikutoka kichochoroni. Lilitoka sebuleni, nyuma yake, kwenye mashine ya ndani. Ilikuwa sauti ya Fundi Najua, ila iliyokokotwa polepole, kama ya mtu anayejaribu viatu vya mwenzake kuona kama vinamtosha.

Mkwe wake aliangusha sahani jikoni. Naye alikuwa amesikia.

"Usimwambie mume wako," Bibi alinong'ona. "Atavaa tai aje kumkaribisha."

Kuanzia hapo mashine haikuvuma tena kama mashine. Ilivuta, ikasita, ikatoa. Na mke wa Mheshimiwa, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akikunja nguo, aliisikiliza kwa muda mrefu kabla ya kuinua macho na kuona kwamba kifua cha Bibi nacho kinavuta mashine inapovuta, kinasita inaposita, na kinatoa inapotoa, na kwamba kila ikisita inasita kidogo zaidi kuliko mara iliyotangulia, kama mtoto anayeshika mkia wa paka aone atavumilia mpaka lini. Aliruka akazima swichi. Vibao vya mashine vikafunga. Kifua cha Bibi kikafunga navyo. Midomo ikabadilika rangi, vidole vikakwaruza kochi, macho yakamtoka, na mkwe wake, akiitafuta ile swichi, aliigonga mara tatu ndipo ikawaka, ndipo vibao vikafunguka taratibu, bila haraka yoyote, na Bibi akavuta hewa iliyonuka karafuu.

"Baridi ya bure," ilisema mashine, na ikacheka kicheko cha fundi.

Mheshimiwa alikuwa mlangoni. Safari hii alisikia. Alilegeza tai, akatoka hadi barabarani, akampigia fundi simu huku ameziba mdomo kwa kiganja majirani wasisikie.

"Fundi, mashine yako inaongea."

"Najua, bosi. Gesi mpya huwa hivyo."

"Inamnyima mama yangu pumzi!"

"Najua. Safisha vichujio."

Mheshimiwa alirudi ndani akavisafisha vichujio. Kweli alivisafisha. Mkewe alimtazama akivipangusa kwa mswaki wakati mama yake anakoroma kama mtu aliye chini ya maji, kisha akajifunga kanga kiunoni akatoka bila kumuuliza kitu.

Alirudi na Mama Friji. Mheshimiwa aliinua kidole apate kusema jambo, akaona uso wa mkewe, akakishusha.

"Alitumia pampu?" Mama Friji aliuliza.

"Alitumia mdomo," alisema mke.

"Mdomo." Mama Friji alilirudia neno lile kama kitu alichokitoa kwenye mfereji. "Na akasema nini na huo mdomo?"

Walimwambia. Aliitazama mashine, nayo ikapunguza mvumo, kama inayomtazama.

"Mimi si mganga," alisema. "Ila kilichoingia bombani hutolewa kwa pampu. Njia nyingine siijui. Mleteni Bibi mlangoni na mto wake, nimwone."

Alisimama mbele ya kichochoro. "Hodi," alisema, na hakuona aibu. Ndipo akaingia. Aliihamishia gesi yote kwenye mtungi mtupu huku mashine inazunguka, akafunga pampu kwenye bomba, akamwambia mke, "Nikiiwasha hii, wewe zima ile. Tusipishane hata kidogo."

Hawakupishana. Pampu ilianza kuunguruma, na kifua cha Bibi kikaiacha mashine kikaifuata pampu. Lakini sindano ya geji haikushuka. Ilipanda, ikashuka, ikapanda, pamoja na pumzi za Bibi. Dakika kumi. Dakika ishirini. Kwenye kitundu ambacho pampu hutolea hewa iliyonyonywa kulikuwa na ubaridi uliofanya matone kwenye chuma, na kutoka kitunduni ikaja sauti, nyembamba, ya malalamiko, "Niende wapi? Kwangu mmeweka moto. Niende wapi?"

Bibi alifungua macho. "Jirani," alisema, na kila neno lilimgharimu. "Aliyekukaribisha si mwenye nyumba. Pumzi uliyopewa si yangu. Mfuate mwenye pumzi hiyo."

"Amfuate nani?" ilisema sauti nyingine, na hii ilitoka kwenye mdomo wa kweli. Fundi Najua alikuwa amesimama nyuma yao, spana mkononi. Mtu alikuwa amemwambia kwamba mwanamke anafungua kazi yake, na hilo lilimleta mbio kuliko uhai wa mzee. "Nani kakuruhusu kugusa nati zangu?"

"Kaa mbali na hiyo pampu," alisema Mama Friji.

"Najua pampu."

"Fundi, nakuomba. Kuna kitu kinatoka hapo."

"Kitu gani? Hewa hiyo! Bosi, unaona unavyochezewa? Hewa tupu!" Na ili wote waone jinsi walivyo wapumbavu, alipiga magoti, akatia uso kwenye kile kitundu, akavuta kwa pua na mdomo mpaka mabega yakapanda, kama mtu anayenusa chungu cha jirani.

Sindano ikaanguka chini, ikatulia.

Pampu iliendelea kuunguruma kwa mnyonyo wa kawaida, usio na sauti ya mtu. Kisha Bibi alivuta pumzi moja ndefu, safi, iliyomwinua kutoka kwenye mto, na mkwe wake akaanza kulia.

Fundi Najua alisimama polepole. Alifungua mdomo. Kila mtu alingoja lile neno lake, lakini halikuja. Aliufunga, akageuka, akaenda zake.

Mashine ya nje ilihamishiwa ukuta wa mbele siku ile ile. Mama Friji alipanda ngazi, na Mheshimiwa aliishikilia kwa mikono miwili, tai begani, huku majirani wote wametoka kumtazama. Alitaka watazame, wakatazama.

Bibi sasa anapumua kama alivyopumua zamani, si vizuri, lakini kwa kifua chake mwenyewe. Ubaridi umerudi kichochoroni. Anaingia pale na kupiga hodi kama kawaida, ila ilimchukua siku kadhaa kutambua tofauti. Zamani palikuwa na mtu aliyenyamaza. Siku hizi hakuna hata wa kunyamaza.

Spana ya Fundi Najua ilibaki kichochoroni, na baada ya wiki mke alimpelekea. Alimkuta kibarazani kwake, saa sita mchana, jua limesimama utosini. Alikuwa amevaa koti, amelala kwenye kiti, kichwa kimeegemea ukuta. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kabisa. Kutoka puani ulitoka mvuke mweupe, kama wa jokofu linapofunguliwa, ukasita, ukarudi ndani.

Mke aliiweka spana chini taratibu. Alitaka kuondoka, lakini adabu iliitangulia akili.

"Hodi," alisema.

Midomo ya fundi haikusogea.

"Karibu ndani," ilijibu sauti kutoka kifuani mwake. "Nafasi ipo."