Bitana ya Mfuko wa Mbegu

Ndugu zangu, hasa ninyi mnaovaa nguo mpya bila kuifua ili jirani asikie harufu ya dukani, sogeeni karibu. Hii inawahusu.

Kwenye baraza la duka la nguo la Jignesh, pale mtaa wa Kambarage, palikuwa na amani. Fundi wake, Thobias, alishona huku akiimba kwa sauti ambayo hata mbuzi waliikwepa. Krismasi ya mwaka tisini na tano ilikuwa inakaribia. Jignesh alimpa vitambaa na bitana nyeupe, laini, ya upande wa ndani, ashone magauni ya watoto ya kuuzwa minadani, hadi machimboni Geita.

Sasa, mafundi wana haki yao ya tangu zamani: vipande vinavyobaki ni vya fundi. Thobias aliivuta haki hiyo kama mpira. Bitana nzima ikawa kipande, akaiuza. Ndani ya magauni akashonea kitambaa cha mifuko mitupu iliyowahi kubeba mbegu za pamba, zile zinazopakwa dawa ya kuua wadudu. Aliisuuza kidogo kwenye ndoo, basi.

"Baba Edson, mbona nguo hizi zinanuka?" mkewe Scolastika aliuliza alipomletea chakula.

"Ndiyo harufu ya upya, mama. Wewe umezoea mitumba."

Wakacheka. Ila kabla ya kula, Thobias alinawa mikono kwa sabuni, akarudia tena.

Asubuhi ya Krismasi, dada yake Paskalina akafika kutoka Kagongwa na binti yake, Limi, gauni linameremeta.

"Kaka, mtazame mpwa wako. Nimelinunua mnadani. Sijalifua, nilitaka mjomba alione likingali linanukia."

Thobias akautazama upindo. Fundo la uzi mwekundu, alama yake ya majivuno, lilikuwa pale pale. Angeweza kusema, "Mvueni." Akasema, "Limempendeza."

Kanisani Limi alijikuna mgongo, jasho likamtoka, mate yakamjaa mdomoni. Pilau haijapakuliwa, akatapika na kulegea. Wakamkimbiza hospitali.

"Amekula nini?" muuguzi aliuliza, akidhani ni chakula kilichoharibika.

"Uji wa wifi tu," alisema Paskalina, akamgeukia Scolastika. "Wifi, ulimpa nini mwanangu?"

Scolastika akaangua kilio.

Thobias aliiwaza kazi yake ya barazani ambayo angeipoteza, kisha akamtazama mtoto kitandani.

"Mvueni gauni," alisema akitazama sakafu. "Bitana ni mfuko wa mbegu za pamba. Mimi ndiye niliyelishona."

Wakamvua, wakamwosha, daktari akamtibu sumu. Limi alipopata nguvu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mjomba, gauni langu liko wapi?" Thobias akatoka nje.

Jignesh alipoambiwa, hakumfukuza. Alimuuliza tu, "Bitana nilikupa. Watoto wa watu umewavalisha nini?" Kisha akampa kitambaa kingine, akamtuma azunguke minadani kubadilisha magauni. Baadhi aliyapata. Mengine yalikwisha kwenda machimboni na wachuuzi asiowajua, na hadi leo hajui nani aliyavaa.

Bado anashona. Haimbi tena. Mbuzi siku hizi wanalala barazani kwa raha zao.

FUNZO

Fundi, upande wa ndani ndio unaogusa ngozi. Usiufanye ghala la tamaa yako. Muuzaji, ipindue nguo kabla hujaiuza. Mnunuzi, ifue, jirani atakuonea wivu hata ikinuka sabuni. Na ukishona kwa ajili ya mtoto usiyemjua, kumbuka ana mjomba mahali fulani.