Kufuli la Wathome

Kwanza ilikuwa harufu. Nzilani alikuwa akisonga ugali mchana, hakuna kilichoungua, lakini mumewe Matheka alifinya pua akauliza ni nani anachoma mbao. Kisha akageukia mlango.

"Unamsikia akigonga?"

Nzilani hakusikia kitu.

Wachongaji wote wa Pumwani walijua yaliyotokea kwenye karakana yao mwaka ule wa tisini na sita. Waliopiga vinyago msasa walifungiwa kwa nje ili vinyago visiibwe, na ufunguo alikaa nao Matheka, msimamizi wao. Moto uliposhika, mmoja wao, Wathome, alikuwa ndani. Matheka alifika mbio, ufunguo mkononi, moshi ukamtisha, akasimama. Wathome aligonga mpaka akanyamaza.

Tangu siku ile ya harufu Matheka alipotea kwenye njia alizokulia, na siku moja akamuuliza binti yake, Mwelu, "Wewe unaitwa nani?" Nzilani aliogopa, tena sana, kwamba atakuja kubaki na mwili wa mume tu. Daktari mjini aliwaonyesha picha ya kichwa. Kuna kijisehemu ndani, alisema, kinachosaidia kutenga jana na leo. Baada ya mshtuko mkubwa kinaweza kusinyaa, na cha Matheka kilikuwa kidogo mno. Akampa vidonge, akamwambia arudi wazungumze. Nzilani alilitazama pengo jeusi lililobaki pale pichani akawaza kwamba kuna aliyehamia humo.

Ingawa walikuwa watu wa kanisa, alimpeleka kwa Maalim Dirie wa Majengo, anayetoa majini kwa kisomo. Mficha uchi hazai, lakini Nzilani alieleza yote isipokuwa moto, kwa aibu ya ule ufunguo.

Maalim akamfunika Matheka blanketi, akamfukiza ubani. Moshi ulipojaa mle ndani ya blanketi, Matheka akakohoa, akalia kwamba mlango haufunguki, akapiga sakafu kwa viganja, na Maalim, akidhani ni jini linalia kwa kutolewa, akaongeza ubani na kuzidisha kisomo mpaka mtu akalegea kimya, ndipo akamfunga hirizi kichwani kwa mafundo matatu.

"Limetoka," alisema. "Nimefunga lisirudi. Usiifungue siku saba."

Nyumbani Matheka alilala, kichwa mapajani pa mkewe, ametulia kama mtoto. Nzilani alimshukuru Mungu. Kisha akasikia. Ngo. Ngo. Ngo.

Alitazama mlango. Ulikuwa wazi, jua limeingia hadi kitandani. Akainama polepole, akaweka sikio kwenye hirizi, na harufu ya mbao zinazoungua ikampanda puani.

"Mama Mwelu," sauti ya Wathome ilisema kwa upole, kutoka ndani ya kichwa cha mumewe, "safari hii ufunguo unao wewe."

Vidole vya Nzilani vilikuwa tayari juu ya fundo la kwanza. Havikusogea.