Mwanga Kwenye Viatu vya Baba

Baba yake Chiriku alianguka kutoka kwenye ngazi akitia vioo kwenye dirisha la kanisa, na miguu yake ikafa. Ngazi aliisimamisha mwenyewe, juu ya sakafu iliyokuwa imetoka kupigwa deki. Hakuna aliyemsukuma na hakuna wa kulaumiwa. Madaktari walifanya walichoweza, kisha wakamweleza mkewe ukweli bila kuuzungusha: kutoka kiunoni kwenda chini, basi tena.

Dirisha lilibaki na tundu kubwa upande wa juu. Wazee wa kanisa waliliziba kwa nailoni. Upepo ulipopita, nailoni ile iliingia ndani na kutoka nje polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Chiriku halikuwa jina lake la ubatizo. Baba yake alimpa jina hilo kwa sababu ya maneno mengi. Aliamka akiongea, alioga akiongea, na shuleni kila aliyekaa naye dawati moja alilalamika kwamba masikio yanamuuma. Lakini tangu baba aliporudishwa nyumbani kwa machela, maneno yalimkauka. Walimu walimsifu kwa utulivu. Hawakujua kwamba ule haukuwa utulivu.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, na kati yake lilining'inia pazia. Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya baba. Palikuwa na meza kubwa iliyotandikwa blanketi kuukuu, na vioo vimeegemezwa ukutani, vikubwa kwa vidogo. Chumba cha nyuma ndicho walicholala. Mama alikuwa dobi. Aliondoka mapema kufuata nguo za watu, kwa hiyo kila asubuhi Chiriku ndiye aliyempelekea baba maji ya kunawa na chai. Pia alimsaidia kugeuka ubavu wa pili, kama muuguzi alivyomfundisha, ili mgongo usipate vidonda vya kulala. Baada ya hapo ndipo alipovaa sare na kwenda shule.

Asubuhi hizo zilikuwa na jambo lake. Jua lilipochomoza liligonga vile vioo vya karakana, na mwanga ukarukia dari na kuta ukitetemeka, ukapenya juu ya pazia mpaka kitandani kwa baba. Kwa kitambo kidogo nyumba nzima ilionekana kama iko chini ya maji. Chiriku alisimama katikati na kikombe mkononi, asijue kama ameshaamka au bado yuko ndotoni. Kisha wingu lilipita, na kila kitu kikarudi kuwa kitanda, ndoo na mgonjwa.

Jioni, kabla ya kula, familia ile ilikuwa na utaratibu wake. Kila mmoja alimshukuru Mungu kwa jambo moja la siku hiyo, moja tu, na lazima liwe la kweli. Mama alishukuru kwa jua lililokausha mashuka. Mdogo wake Chiriku, mtoto wa miaka minne waliyemwita Bwana Mkubwa kwa jinsi alivyopenda kuamrisha, alishukuru kila siku kwa paka wa jirani. Baba, akiwa ameegemezwa mito, alisema, "Asante Bwana kwa mikono."

Zamu ya Chiriku ilipofika, alisema, "Mimi napita."

Mara ya kwanza mama alimkata jicho. Baba alimwambia mkewe amwache, kwa kuwa Mungu si mwalimu wa kuita mahudhurio. Basi Chiriku akawa anapita, jioni baada ya jioni. Moyoni alikuwa anawaka. Aliona baba anajifanya. Mtu aliyekuwa akipanda ngazi kama paka leo anashukuru kwa mikono, kana kwamba mikono ilikuwa imepotea.

Alfajiri moja aliota baba anatembea upande wa pili wa kioo kirefu kisicho na mwisho. Alitembea vizuri, begi la kazi begani, na hatua zake hazikuwa na sauti. Chiriku alipiga kile kioo kwa viganja viwili, baba akageuka, akatabasamu, akaendelea kwenda. Alipoamka viganja vilikuwa vinamuuma.

Siku hiyo, Alhamisi, baada ya mazoezi ya kwaya ya watoto, alijificha nyuma ya mabenchi mpaka wenzake wakaondoka. Kanisa likawa kimya. Alisimama chini ya lile tundu, akamwambia Mungu kwa sauti ndogo kwamba yeye atalimalizia dirisha lake, na Mungu naye amrudishie baba miguu. Nailoni ilivuta pumzi, ikaishikilia, ikaiachia. Chiriku aliona ameitikiwa kwa kichwa. Alitoka nje akijihisi mwepesi, kana kwamba miguu yake haigusi ardhi.

Kioo cha tundu lile kilikuwepo nyumbani. Kanisa lilikuwa limekinunua mapema, na baba alipoanguka kilibaki hakijakatwa. Seremala, aliyekuwa mzee wa kanisa na rafiki wa baba wa miaka mingi, alikuwa amekilaza juu ya meza na kuandika vipimo kwa chaki pembeni. Alisema Jumamosi atakuja kukichukua ampelekee fundi mwingine. Baba aliitikia sawa, akageuzia uso ukutani.

Kwa hiyo Chiriku alikuwa na Ijumaa tu.

Kazi yenyewe aliijua, maana mara nyingi alikuwa amemshikia baba rula. Unafuta kioo mpaka kiwe kikavu. Unachovya kigurudumu cha kikatio kwenye mafuta ya taa. Unavuta mstari mmoja, bila kusimama, kutoka ukingo mpaka ukingo. Kisha unakisogeza kioo ukingoni mwa meza na kukivunja kwa mkono kama biskuti. Na juu ya yote hayo kulikuwa na jambo ambalo baba alilirudia hadi likawa wimbo: mstari unapigwa mara moja. Ukirudia, kioo hakikusikii tena. Ufa unajiendea unakotaka wenyewe.

Ijumaa alipotoka shule mama alikuwa amekwenda kurudisha nguo. Bwana Mkubwa alikuwa amelala kando ya baba, na baba naye alikuwa kimya. Chiriku alikifuta kioo. Alama za chaki zilielea juu yake, na chini yake dari ilionekana mbali sana, kama sehemu ambayo mtu angeweza kutumbukia. Akaweka rula, akavuta.

Mstari ulitoa sauti laini, kama hariri inayopasuliwa. Ulikuwa mstari mzuri. Lakini alipoinama kuutazama aliuona mwembamba kama unywele, karibu haupo. Kwenye unywele ule ndipo miguu yote miwili ya baba ilipokuwa imening'inia. Kama haukuingia vya kutosha je? Kama Mungu angesema haukutimia?

Akarudisha kikatio mwanzoni, akakikandamiza, akavuta tena. Safari hii sauti ilikuwa kama mtu anayetafuna mchanga.

"Chiriku," baba aliita nyuma ya pazia, bila ukali. "Acha."

Alikuwa ameshachelewa. Mikono ilikuwa tayari imesukuma. Ufa uliruka kutoka kwenye mstari, ukakatiza kioo kizima, ukagawanyika kama mto kwenye ramani, na vipande vikalala juu ya blanketi, vikubwa na vidogo, bila kelele nyingi. Damu ilianza kumtoka Chiriku kidoleni. Aliitazama kama damu ya mtu mwingine.

Nyuma ya pazia kitu kilianguka kwa kishindo, kisha ukafuata mkwaruzo, kimya kidogo, mkwaruzo tena. Pazia lilisogea kwa chini. Baba alikuwa sakafuni, amejivuta kwa viwiko kutoka kitandani, jasho likimtiririka. Tangu aletwe nyumbani hakuwa amesogea peke yake hata mara moja.

"Lete hicho kidole," alisema.

Alirarua ukosi wa shati lake, akamfunga. Ndipo akamuuliza alikuwa anafanya nini. Chiriku alikuwa na jibu tayari mdomoni: kwamba upepo, kwamba Bwana Mkubwa. Lakini alikumbuka kwamba baba amesikia kila kitu, tena amesikia mpaka mstari wa pili. Akakaa sakafuni kando yake, na maneno yote aliyoyafungia yakatoka kwa mkupuo: tundu, nailoni, mapatano. Alisema ameharibu, na kwamba sasa Mungu hatatoa miguu, na kosa ni lake.

Vipande vya kioo vilishika jua la jioni, na mwanga ukatambaa juu ya ukuta kama samaki.

"Mungu si mteja, mwanangu," alisema. "Hatupatani naye bei. Ungekata kioo kile kama malaika, miguu yangu ingekuwa hivi hivi. Na umekivunja, naye hajakuchukia."

"Sasa wewe unashukuru nini kila siku? Unajifanya tu."

"Mwezi wa kwanza sikushukuru. Niliutazama ukuta. Niliomba miguu mpaka nikachoka kuomba." Alinyoosha kidole juu, kwenye ule mwanga. "Halafu nikaona huu. Nimewatilia watu madirisha maisha yangu yote, Chiriku. Natia kioo, nafuta puti inayokishika kwenye fremu, nashuka, naenda kwingine. Sikuwahi kukaa ndani nikaona kioo kinafanya nini asubuhi. Kumbe kinafanya haya. Nililala pale nikamwambia Mungu, sikujua. Baada ya hapo nikaanza kulala usingizi. Miguu bado naitaka, sikudanganyi. Lakini sigombani naye tena."

Chiriku alilia, na safari hii hakulia kwa hasira. Walikaa hivyo mpaka mama aliporudi na kuwakuta sakafuni, mmoja na kitambaa cha damu na mwingine hana ukosi. Aliuliza kama ndivyo wanavyomlindia nyumba. Kisha alipoelewa kwamba mumewe amejivuta mwenyewe kutoka kitandani, aliketi juu ya kapu lake la nguo, akajifunika uso kwa khanga.

Jumamosi Seremala alikuja na mkokoteni. Chiriku alimweleza mwenyewe, amesimama wima, kwamba kioo amekivunja yeye. Seremala alikitazama, akamtazama yeye, akasema kwa miaka yote hiyo hajaona mtu aliyekata kioo kikawa jamii nzima. Kisha utani ukamwisha, maana hawakuwa na kioo kingine wala njia ya kukipata, na kila mtu chumbani alilijua hilo.

Baba aliomba apewe vipande. Aliegemezwa ukutani, akavipokea kimoja kimoja, akavielekeza kwenye mwanga, akavipanga blanketini. Mwishowe alisema dirisha liko, ila si la kioo kimoja. Vitatoka vioo vidogo vya mraba, kama Seremala atatengeneza fremu yenye vyumba vidogo vidogo.

Seremala alilalamika kwamba hiyo ni kazi mara mbili.

"Ndiyo," baba akasema. "Na mimi nahitaji meza niifikie."

Seremala alikuna kichwa, akatoa msumeno, akaikata miguu ya ile meza kubwa mpaka ikakaribia sakafu. Baba alivutwa karibu, akaweka viwiko juu yake.

"Sasa mimi na meza tumelingana," alisema. Seremala alicheka mpaka akaomba radhi kwa mama, naye mama alikuwa anacheka zaidi yake.

Wiki nzima baba alikata. Chiriku alishika rula na kufuta vumbi. Sauti ya hariri ilisikika mara moja kwa kila mstari, haikurudiwa. Bwana Mkubwa aliamrisha kazi kutoka mlangoni.

Jumapili baba alibebwa kanisani juu ya kiti, Seremala upande mmoja na waimbaji upande mwingine. Wakamweka mbele, mkabala na dirisha. Nailoni haikuwepo tena; Seremala alikuwa ameshaipachika fremu na vioo vyake. Jua lilipita kwenye vioo vidogo na kumwaga miraba ya mwanga sakafuni, na kadiri ibada ilivyoendelea miraba ile ilisogea taratibu, ikipanda kwenye mabenchi, kwenye mapaja ya watu, kwenye vitabu vya nyimbo. Watu walionekana kama wanaelea. Chiriku hakusikia mahubiri. Aliitazama miguu ya baba. Mahali fulani ndani yake bado alikuwa anangoja, na alijua kwamba anangoja.

Miguu haikusogea. Mwanga ndio uliosogea, mraba mmoja, hadi ukakaa juu ya viatu vya baba.

"Baba," alinong'ona, "mwanga uko kwenye viatu vyako."

"Miguuni sisikii kitu. Una joto huo mwanga?"

Chiriku aliinama, akaweka kiganja juu ya kiatu. Ngozi ya kiatu ilikuwa imepata moto kama mkate uliotoka kuokwa.

"Una joto."

"Basi umesikia kwa niaba yangu," baba alisema. "Kushukuru si kumlipa Mungu, Chiriku, wala si kumlainisha atupe zaidi. Ni kukiona alichokwisha kutupa, hata siku tuliyonyang'anywa kingine. Hiyo tu."

Jioni ile, mezani, Bwana Mkubwa alishukuru kwa paka. Zamu ikafika kwa Chiriku. Mama alikuwa ameshaanza kufunua sufuria, akijua binti yake atapita.

"Asante kwa joto la kiatu," Chiriku alisema, na baada ya hapo hakunyamaza mpaka chakula kikapoa.

Dirisha lile lipo mpaka leo. Liligharimu kioo kimoja kikubwa, fremu mbili, ya kwanza na ile ya vyumba vidogo, ukosi wa shati, miguu minne ya meza, kovu kwenye kidole cha Chiriku, na miguu yote miwili ya baba yake.